Tairi kuingia siyo kufaa: kwa wanaovalisha malori ya jeshi viatu vikubwa

Ndugu Mhariri,

Kwanza hongereni kwa kazi. Mimi siyo mtu wa kuandika barua, mara ya mwisho kuandikia gazeti ilikuwa kulalamikia maji na maji yenyewe hayakuja, ila hii ya juzi imenishinda kunyamaza. Mmetoa picha ya lori la zamani la jeshi limesimama ufukweni Kigamboni, limevalishwa tairi kubwa mpaka dereva anapanda kwa ngazi, chini mkaandika "mnyama". Sawa, mnyama. Picha nzuri, hata mimi nimeipenda, nimemwonyesha mpaka mama watoto. Shida ni kwamba toka siku ile nimeshapokea vijana watatu hapa kijiweni kwangu Buguruni, kila mmoja na simu mkononi, wote swali lao moja: mzee, hizi zinaingia kwenye gari yangu?

Zinaingia. Hapo ndo ugonjwa wenyewe ulipo. Tairi ya inchi 20 itaingia kwenye rimu ya inchi 20, nati zitafungwa, gari itashuka kwenye jeki, mtapiga picha, na kuanzia hapo kila kitu kilichoko katikati ya injini na ardhi kinakuwa kimebadilishwa bila mtu kushika spana nyingine yoyote. Mimi niko kwenye tairi toka 1988, nimefunga za trekta, za greda, za mabasi ya mikoani yale ya zamani, naomba nafasi nieleze yaliyotukuta sisi, halafu kama mtu bado anamtaka mnyama aje, pesa sikatai.

Kuna bosi mmoja, jina naliacha maana bado tunasalimiana, alinunua Bedford MK, yale malori ya jeshi la Uingereza ya tani nne, tairi nne tu na zote zinavuta, usukani uko kulia kwa hiyo kwetu huku linakaa vizuri. Watu wa umri wangu Bedford wanazijua, kuna miaka wazungu walikuwa wanakatiza Afrika nzima juu ya Bedford, wamejipanga nyuma kama magunia ya vitunguu na wamelipia. Bosi alilitaka la kupeleka vitu kambini upande wa Mloka, ile njia ya kupitia Kibiti, anayeijua anaijua, kiangazi mchanga, masika udongo mweusi unanata mpaka kiatu kinabaki nyuma mguu unatoka. Lori lilikuja na tairi zake za 12.00-20, yaani upana inchi 12 hivi na rimu ya inchi 20, na lilikuwa linaenda na kurudi. Polepole, lakini linaenda na kurudi.

Sasa ana mpwa wake, kijana mzuri tu, kazi yake kompyuta, akamwonyesha mjomba wake video za Wamarekani wanavyoyafanya malori yao ya M35. Nikaitwa na mimi nikaiangalia mpaka mwisho, kwa bando langu. Lori linaingia gereji na vitairi vyembamba, muziki, cheche, muziki tena, linatoka na matairi ya kutisha. Dakika kumi na mbili. Bosi akaniambia mzee, na mimi nataka hivi hivi.

Nikamwambia bosi, kwanza tulielewe hilo lori la Mmarekani. M35 ni gari iliyoanza kuundwa 1950, wenyewe wanaiita ya tani mbili na nusu, na hizo tani mbili na nusu ni za porini, kwenye lami inaruhusiwa karibu tani nne na nusu. Ina tairi kumi, mbele mbili nyuma nane, za 9.00-20, ukiliangalia lori na mwili wake utafikiri limeazima viatu vya mtoto. Injini zake zile za baadaye zinakunywa chochote, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege. Miaka ya 90 jeshi lao likaanza kuingiza lori jipya linaitwa FMTV, ambalo asili yake ni lori la Steyr la Austria, na lenyewe linavaa tairi ya 395/85R20. Basi M35 zikaanza kuuzwa kwa raia, tairi za FMTV nazo zikaanza kutoka jeshini kwa wingi, mtu anavipata vyote viwili mnadani, ndo wakaanza mtindo wa kutoa zile nane za nyuma na kuweka nne kubwa.

Lakini kilichoko kwenye muziki ndo kazi yenyewe. Rimu za tairi mbili mbili zimebonyea, moja inatazama ndani nyingine nje, ukiondoa moja ile inayobaki haikai pale unapotaka, inaenda ndani sana au inachomoza nje sana, kwa hiyo jamaa wanachomoa habu za nyuma, pale gurudumu linapofungwa, na kuzigeuza ili gurudumu likae mstari mmoja na la mbele. Hiyo ni beringi, sili, dramu, siku nzima kwa kila ekseli. Halafu habu ya M35 ina stadi sita, zile bolti za kukazia nati, rimu ya FMTV ina matundu kumi, hazioani mpaka ukatengenezeshe kitovu kingine. Na M35 upande wa kushoto nati zake zinafunguka kinyume, nimeshaona kijana wa kwetu kwenye gari ya mtindo huo amening'inia kwenye bomba la mita mbili anakaza nati akidhani anafungua, mpaka stadi ikakatika. Yote hayo kwenye video ni sekunde nne.

Tuje kwenye hesabu. 395/85R20 maana yake upana ni milimita 395, ukuta wa tairi ni asilimia 85 ya huo upana, yaani kama milimita 336, na ukuta uko juu na chini kwa hiyo mara mbili, jumlisha inchi 20 za rimu ambazo ni milimita 508, unapata kama mita 1.18 toka chini mpaka juu. Ile 9.00-20 ya zamani ina kama mita 1.02. Gawanya, tofauti asilimia 16 hivi. Difu za M35 ni 6.72, yaani propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi, izunguke mara 6.72 ndo gurudumu lizunguke mara moja, sasa ukiweka hiyo tairi kubwa, kule ardhini ni kama umefungua difu ukaweka ya 5.8. Hujanunua difu, hujafungua difu, lakini umebadilisha difu.

Na kwa Mmarekani hiyo ni raha tupu! Gari yake ilikuwa inapiga kelele kwenye 80, sasa inatembea imetulia. Kwa nini, kwa sababu hana mzigo. Anaitoa Jumapili, amepakia mbwa na shemeji, barabara ya lami imenyooka, jioni anairudisha bandani. Sisi lori linatoka Dar limejaa simenti, mabati, jenereta, maji na watu sita juu, linaenda kuingia kwenye matope. Yeye pale ameongeza mwendo, mimi hapa nimepunguza nguvu, na tairi ni ile ile. Hilo ndo nilitaka kijana wa simu alielewe kabla ya kitu kingine chochote na ndo lililonifanya nichukue kalamu.

Bosi akasikiliza nusu. Wiki mbili baadaye nikaona pikapu inaingia na tairi tano za 14.00R20, kubwa kuliko hata zile za Wamarekani, kanunua kwa mtu anayeuza mabaki ya jeshi. Tairi moja tupu bila rimu ni kilo mia na ushee, kuishusha tulikuwa watu watatu. Nikasema tupime kwanza, akaniambia mzee wewe unaogopa vitu vikubwa.

Tukapima hata hivyo. Kipimo chenyewe hakihitaji fundi, unachora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, unaibingirisha mpaka alama irudi chini, unavuta futi. Ya zamani ilitembea kama mita 3.5, mpya ikakaribia 3.9. Sentimita 40 kila mzunguko, asilimia 11. Spidomita ikisoma 60 wewe unatembea karibu 67, na trafiki mwenye tochi yake hasomi dashibodi yako.

Halafu rimu. Tairi ya 12.00 inakaa kwenye rimu ya upana wa inchi 8.5, hii ya 14.00 inataka inchi 10. Itaingia? Si nimeshasema itaingia, duara ni lile lile la 20. Ila inabanwa miguu, inavimba katikati kama andazi, inakanyaga kwa kifua tu, inalika katikati na ukuta unafanya kazi ambayo siyo yake. Ikaja hoja ya kupanua, fundi mmoja wa kuchomelea akasema anakata rimu katikati anaongeza mkanda wa chuma. Hapo nilikataa kabisa, nikamwambia bosi kama ni hiyo tafuta mtu mwingine wa kujaza upepo na siku hiyo mimi nitakuwa kwa dada yangu Chanika.

Mhariri, hapa naomba usinikate maneno hata kama nafasi ni ndogo. Malori haya ya zamani rimu zake siyo kipande kimoja. Kuna mwili wa rimu, kuna bega, na kuna lokiringi, ile pete ya chuma inayoshika kila kitu kisiruke. Ukijaza upepo wa PSI 80 kwenye tairi ya inchi 20 nguvu inayosukuma ile pete kwenda nje inapita tani kumi. Inashikwa na mfereji mdogo tu wa chuma. Mfereji ukiwa na kutu, au pete ikiwa ya rimu nyingine iliyofanana fanana, maana zinafanana sana na haziingiliani, au mtu ameipiga nyundo kuirudisha huku upepo umo, inatoka. Na ikitoka haikupi nafasi ya kusema eh.

Mwaka 1996 tulikuwa watu wanne kwenye kijiwe kimoja karibu na barabara ya Mandela. Mwenzetu alikuwa amekaa juu ya tairi, amekaa kabisa kama stuli, anajaza huku anapiga stori. Mimi nilikuwa nimeenda kununua karanga. Bati la kibanda lilitobolewa na ile pete, na yeye tulimchukua akiwa hai, kwa siku mbili. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga lokiringi na nyundo nasimama, hata kama niko upande wa pili wa barabara.

Wamarekani waliandika sheria ya rimu hizi toka 1980, fundi lazima awe na kizimba cha chuma, tairi inajazwa ikiwa ndani ya kizimba, mpira wa upepo unakuwa mrefu na unajibana wenyewe kwenye valvu ili wewe usimame pembeni. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na tuna OSHA yetu, wakala wa kusimamia sheria hiyo, lakini pita Buguruni, Tandika, Manzese, hesabu vizimba uniambie umeona vingapi. Changu nilichomelea mwenyewe kwa mabomba ya skrepa, vijana wakawa wananicheka wanasema mzee anafuga simba. Kizimba hakihitaji mfadhili, hakihitaji semina. Na kabla ya kufungua gurudumu lolote la namna hiyo toa sindano ya valvu upepo wote uishe, ndo ushike nati. Na usichomelee rimu yenye tairi juu yake, hata kama unaona haina upepo, moto unachemsha mpira ndani na gesi yake inalipuka.

Basi, bosi tukamtafutia rimu za inchi 10 za mtumba, matundu ikabidi yaende kwa fundi wa kukereza, ile tu bajeti ilizidi bei ya tairi. Ndo katika kuzisafisha zile tairi nikaona namba. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Zetu zilikuwa zinasoma 0604. Wiki ya sita ya mwaka 2004. Kashata, yale meno ya tairi, zimejaa, nyeusi zinang'aa, hazijatembea kilomita elfu moja, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umekaa, na ukiukunja ukuta kidogo unaona nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Aliyeziuza hakusema uongo, alisema hazijatumika. Kweli hazijatumika.

Tukafunga. Lilikuwa linapendeza, sitadanganya. Watoto wote wa mtaa walikuja kupiga picha na mimi nikapiga, nimeiweka kwenye simu mpaka leo.

Kona ya kwanza kutoka uani, tairi ya kulia ikakwangua springi. Tulikuwa tumejaribu kukata usukani gari ikiwa imesimama na haikugusa, kosa letu, hiyo siyo majaribio. Unatakiwa unyanyue gurudumu moja la mbele na la nyuma upande wa pili, ili ekseli zijikunje kama ziko porini, ndo ukate usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, hapo utaona tairi inapokwenda. Ikabidi turefushe zile bolti za kuzuia usukani, sasa haligusi lakini halikati kona, kwenye mtaa wenye gereji lilikuwa linarudi nyuma mara tatu ndo litoke. Letu halikuwa na pawa steringi, dereva alikuwa na mikono kama ya mpiga makasia na bado alishuka analalamika mabega.

Breki nazo. Dramu ni ile ile, lakini tairi imekuwa ndefu, kwa hiyo nguvu ya kushika inayofika chini imepungua karibu moja ya kumi, juu yake umeongeza uzito unaozunguka, na uzito unaozunguka haupendi kusimama. Ukiwa tambarare Mkuranga unaweza usione. Mimi mtu akiniambia anataka kushuka mlima Kitonga na mzigo kwa mpango huo namuuliza kwanza kama ameacha maelekezo nyumbani.

Safari ya pili ikanyesha. Kupita Kibiti kuingia kule ndani gari likakaa kwenye udongo mweusi, dereva akaingiza gia ya chini kabisa, ile ambayo zamani ilikuwa inatambaa yenyewe kama kobe huku wewe unawasha sigara, sasa ikawa inataka mguu wa klachi, nusu anashika nusu anaachia, injini haina tabo, nusu saa harufu ikatoka. Klachi imekwisha. Wakati huo huo ikaonekana stepni haikai mahali pake pa zamani, walikuwa wameilaza juu ya mzigo, gurudumu zima na rimu yake linakaribia kilo mia mbili, dereva na utingo wawili tu porini usiku. Nauliza tu, hiyo stepni ni ya nani.

Walirudi na trekta la watu. Hapo bosi akaja kijiweni kaketi kwenye benchi, kanunua soda, akaniuliza haya mzee, kwani hata faida haikuwepo? Gari si imeinuka?

Imeinuka, ila siyo kama unavyofikiri. Tairi imeongezeka sentimita 12 toka chini mpaka juu, lakini ekseli imekaa katikati ya tairi, kwa hiyo difu limeinuka sita tu, nusu yake. Sentimita sita, urefu wa boksi la kiberiti ukilisimamisha na kidogo. Kwa bei ya ng'ombe wangapi sijui.

Kilichokuwa kinatakiwa kule Mloka, kwenye mchanga hasa, ni upepo. Kupunguza. Tairi ikilegea inajilaza, inakanyaga eneo refu, haichimbi. Hii wanajeshi wanaijua toka vita vya pili vya dunia, Wamarekani walikuwa na lori linaitwa DUKW, linaogelea baharini halafu linapanda ufukweni, na dereva alikuwa anapunguza na kuongeza upepo wa tairi akiwa kwenye kiti chake, akitoka majini kwenye mchanga analegeza, akifika barabarani anajaza. Hiyo FMTV yenyewe ambayo watu wanatamani tairi zake nayo ina huo mfumo, M35 za mwisho kabisa, A3, zilipewa pia. Yaani watu wamechukua tairi wakaacha akili iliyokuja na tairi.

Na lori lenye breki za upepo tayari lina kompresa na tenki lake, unachohitaji ni mpira mrefu, kichwa cha valvu na geji ya shilingi chache pale Gerezani. Unafika kwenye mchanga unashusha, unatoka unasimama unajaza, hakikisha tu tenki la breki limejaa kabla hujaondoka, usije ukatoa roho ya breki ukaipa tairi. Pia usishushe sana kama ni tairi za tyubu, maana tairi inateleza kwenye rimu, inavuta tyubu, tyubu inang'oka shingo ya valvu, na hapo mtanilaani. Na ukipunguza upepo punguza na mwendo, ukiingia lami na tairi legevu inachemka mpaka inapasuka.

Kuna na habari ya mizani. Hawa wanaotaka kutoa tairi mbili mbili nyuma waweke moja moja kubwa, wajue pale Vigwaza wanahesabu na tairi. Ekseli yenye tairi nne inaruhusiwa tani kumi, ya mbele yenye tairi mbili ni nane. Tairi ikivimba haigeuki kuwa mbili. Kama lori lako ni la maonyesho haya hayakuhusu, kama ni la kazi kaulize TANROADS, wakala wa barabara, kabla hujachomoa habu, siyo baada.

Sisemi mtu asiweke tairi kubwa. Nimeshafunga zilizofaa. Kuna jamaa wa Unimog, lile la jeshi la Wajerumani, aliongeza saizi kidogo tu, gari ile ekseli zake ziko juu kuliko habu, ina gia nyingine ndani ya habu kwa hiyo difu liko mbali na ardhi toka kiwandani, alikuja na karatasi yenye vipimo vyote ameandika kwa kalamu, rimu, upana, stadi, uzito, tukamaliza siku mbili na mpaka leo anapita hapa anapiga honi. Tofauti yake na bosi wangu ni ile karatasi.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Mkitoa picha nyingine ya mnyama, muulizeni mwenye gari maswali mawili matatu mtuandikie chini yake: tairi ya zamani ilikuwa saizi gani, rimu upana gani, breki alifanya nini, tairi ni za mwaka gani. Kama hajui mtuandikie hajui. Na wale wa OSHA kama wanasoma gazeti hili, waje tu siku moja bila kupiga simu, watembee toka Buguruni sheli mpaka Tabata wakihesabu vijana waliokaa juu ya tairi wanajaza upepo. Wasije na faini, hawa vijana hawana hata ya chakula cha mchana. Waje na mchoro wa kizimba na mabomba.

Bedford la bosi limerudi kwenye 12.00, safari hii za radiali na mpya, klachi mpya, mpira wa upepo nimemtengenezea mimi. Limeshaenda Mloka mara nne. Zile 14.00 ziko hapa kwangu chini ya mwembe, mbili kuku wanatagia, tatu hakuna anayezitaka na mimi siuzi, nikiuza mtu atafunga.

Na yule kijana wa tatu aliyesahau chaja yake ya simu hapa kijiweni, ipo, aje aichukue, ila aje na upana wa rimu umeandikwa kwenye karatasi.

Wenu,
Fundi tairi,
Buguruni, Dar es Salaam